Alisikia Sauti Tano, Akaandika "Noise"

Jioni moja ya mwezi Machi nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili, na nje mvua inanyesha kama inavyonyesha Rungwe, yaani bila dalili ya kuacha. Mada ilikuwa ajali uliyoishuhudia. Katikati ya rundo nikafika kwenye daftari la binti mmoja anayekaa karibu na dirisha, mtoto mpole, mwandiko wake umesimama vizuri. Alikuwa ameandika juu ya fuso la viazi lililopinduka mteremkoni karibu na kwao, kwenye barabara ya kutoka Isyonje kuja Tukuyu. Sentensi iliyobeba ajali yenyewe ilisema hivi: "The lorry made a big noise and it fell down." Basi. Sentensi iliyofuata, watu walishakusanyika.

Nikakata "big", juu yake nikaandika "loud", nikachukua daftari linalofuata. Lakini ile sentensi haikuniachia. Habari ya fuso lile ilikuwa imezunguka sokoni wiki nzima, na kila aliyeisimulia aliisimulia kwa mdomo uliojaa sauti. Sikumsikia hata mtu mmoja akisema gari lilipiga kelele kubwa.

Kesho yake wakati wa mapumziko nikamwita.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Hebu nisimulie ile ajali. Kwa Kiswahili."

Akatupia jicho kibao kilichopigiliwa kwenye mti, kile kinachotuamuru sote kuongea Kiingereza. Nikamwambia asiogope, mimi ndiye niliyemwomba.

Alianza kwa sauti ya chini, kisha mikono nayo ikaanza kusimulia. Fuso lilikuwa linateremka na lumbesa, magunia yamejazwa mpaka yameota vichwa. Kwenye kona dereva akakanyaga breki, matairi yakalia kwiiii! Tairi la mbele likapasuka, paa! Gari likaacha lami, likaingia mtaroni, likalala ubavu, puu! Kamba zikakatika, magunia yakafumuka, viazi vikaanza kuteremka barabarani porororo, vingine vikaingia mpaka kwenye banda la mama anayeuza chai. Na honi ikang'ang'ania, piiiiii, kwa sababu dereva alikuwa ameilalia kwa kifua. Walipomvuta nje honi ikanyamaza, pakawa jii. "Hakufa, madam. Aliumia mkono tu."

Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza. Sauti tano, na kimya juu yake.

"Mbona kwenye daftari umeandika moja?"

"Kwa Kiingereza ni noise, madam."

Alilisema bila ubishi, kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho bei yake inajulikana. Tangu siku ile nimekuwa nikiliwaza sana hilo jibu, na makala hii imetokana nalo.

Fikiria mtoto wa Kitanzania analikutia wapi neno "noise". Halikuti kwenye hadithi wala kwenye shairi. Analikutia kwenye onyo: "Don't make noise!" Mwalimu akitoka darasani, monita anachana karatasi na kuandika juu yake "noise makers", kisha majina yanafuata, na mwisho wa karatasi ile kila mmoja wetu anaujua. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia sekondari, ghafla kila somo ni kwa Kiingereza, na katika akiba yake ndogo ya maneno yanayohusu masikio, lililokaa mbele ni hilo la makosa. Ndilo analolifikia akiharakisha. Mvua kwenye bati ni noise. Radi ni noise. Fuso la viazi ni noise.

Mwenzangu wa ofisini, anayefundisha maarifa ya Biblia, nilipomweleza hakukubaliana nami moja kwa moja. Alinifungulia Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, waraka wa pili wa Petro, sura ya 3: mbingu zitapita "with a great noise". Yaani siku ya mwisho wa dunia nayo imeelezwa karibu na alivyoeleza binti yule! Kisha akanionyesha Zaburi ya 100, ambako watu wote wanaambiwa wamfanyie Bwana "a joyful noise". Alikuwa na haki, na nilimshukuru. Zamani neno hilo lilikuwa pana, liliweza kubeba hata sauti ya furaha. Lilisinyaa baadaye, na leo Mwingereza akiiita sauti "noise" mara nyingi anamaanisha hakuitaka. Tafsiri mpya za mstari ule wa Petro zinaweka "a roar". Watafsiri wetu wa Kiswahili walikuwa na neno zuri zaidi mkononi: mbingu zitatoweka "kwa mshindo mkuu". Na pale kwenye zaburi wakaandika "shangwe". Ukitafsiri shangwe kuwa kelele, umeharibu ibada.

Basi nikaamua kipindi cha Alhamisi kiwe cha sauti.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi tulipewa karatasi ya kudurufu yenye orodha: lions roar, bells ring, doors slam. Tuliimba mpaka ikakaa kichwani. Nilipata maksi zote, lakini neno "slam" kwangu lilikuwa herufi nne tu. Mlango wa nyumbani kwetu ulikuwa wa mbao zilizopinda, unauinua kidogo ndipo ufunge. Haukuwa mlango wa kubamizwa. Hakuna aliyeniambia kwamba "slam" ni kubamiza. Angeniambia ningelielewa papo hapo, maana katika kubamiza mlango unausikia ukigonga fremu, na katika "slam" vilevile. Sikutaka wanangu hawa wakariri orodha nyingine. Nilikwenda jikoni kwa wapishi wa shule nikaazima sufuria, kifuniko chake, na mfuko wa mahindi wa kilo tano. Nikachukua na ufito mkavu.

Niliwaambia wafumbe macho. Nikaangusha kifuniko sakafuni. Nikauliza, kimeliaje? Darasa zima: "Ng'aaang!" Nikaandika "clang". Nikapiga ufito juu ya meza: "Twa!" Nikauvunja: "Ka!" Nikaandika "crack", nikawaeleza kwamba neno hilo linahudumia mjeledi, bunduki ya mbali na mti unaovunjika, vitu vyote vyenye sauti kavu isiyo na mkia. Nikainua mfuko wa mahindi mpaka kifuani nikauachia.

"Puu!"

Hapo nikasimama kidogo, kwa sababu hiyo puu ndiyo ya fuso. Nikachora mstari katikati ya ubao, kushoto nikaandika sauti za binti yule, kulia nikaacha wazi. Kwiiii ya matairi ikapata "screech". Paa ya tairi ikapata "bang". Piiiii ya honi ikapata "blare". Tukafika kwenye puu. Kijana mmoja wa nyuma akasema ni "crash", madam, kwa sababu ni ajali. Hoja yake ilikuwa na msingi. Magazeti ya Kiingereza huita ajali ya gari au ya ndege "crash" hata kama mwandishi hakuisikia. Lakini kama sauti, "crash" inataka vitu vigumu vigongane na kuvunjika: sinia la vikombe, dirisha, bati linaloanguka juu ya bati. Nikamgeukia mwenye ajali.

"Mtaro ule una nini ndani?"

"Tope, madam."

"Kioo cha gari kilimwagika?"

"Kiliingia nyufa tu."

Basi ni "thud", kitu kizito kinapotua juu ya kitu laini, sauti inayofia palepale ilipozaliwa. Na nilipokuwa naliandika ndipo nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu tangu siku ya kwanza. Sikuwa na haja ya kumuuliza habari za tope. Alikwisha kuniambia. Kiswahili kina pu ya ardhini, kina tifu ya mchangani na vumbini, kina chubwi ya majini, na mtoto anayekulia kwenye lugha hii huwa hazichanganyi. Aliposema puu, sikio lake lilikuwa limeshapima uzito wa gari na ulaini wa mtaro, vyote katika neno moja. Kiingereza nacho kinapima hivyohivyo kupitia "thud". Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kipimo alikuwa nacho tayari.

Wanaisimu wanayajua mambo haya. J. R. Firth, Mwingereza, aliandika mwaka 1930 juu ya vikundi vya sauti vinavyobeba hisia ileile katika maneno mengi ya Kiingereza. Ukiwa na sikio utaona kwamba "crash", "smash" na "splash" zote zinaishia kwa pumzi ndefu, kama vipande bado vinasambaa. "Bang" na "clang" zinaishia puani, na mlio unabaki ukitetemeka. Miaka mitano baadaye, 1935, Clement Doke aliyatolea maelezo rasmi maneno kama pu na chubwi, akayatambua kuwa ni aina ya maneno inayojitegemea. Hakuyakuta Ulaya. Alikuwa amezichunguza lugha za Kibantu, Kilamba cha Zambia kikiwemo, na Zambia hiyo ni jirani yetu hapa, ng'ambo ya Tunduma. Yaani istilahi ya "ideophone" ambayo leo wasomi wa dunia nzima wanaitumia ilipata sura yake kwa kusikiliza ndugu wa lugha zetu wakisimulia. Sisi shuleni tunaiita tanakali sauti, tunaifundisha katika fasihi kwenye kipindi cha Kiswahili, kisha kengele inalia, kinaingia kipindi cha Kiingereza, na tunamtaka mtoto aiache nje ya mlango.

Tofauti zipo, na darasani nilizisema. Kwetu kitenzi kinafanya kazi, kisha sauti inakuja kutoa ushahidi: lilianguka puu, lilipasuka paa. Tanakali haichukui kiambishi, haina wakati uliopita wala ujao. Mwingereza sauti yake ameifunga nira. Ataitia wakati uliopita, ataifanya jina, ataituma mahali: "the lorry thudded into the ditch". Kwa hiyo mtoto wetu akijua "thud" bado ana kazi ya kujifunza kuitembeza. Na sisi nasi tuna tabia yetu ya kuipiga sauti: tunapiga honi, tunapiga mluzi, tunapiga kelele, tunapiga yowe, tunapiga vigelegele. Tukitafsiri neno kwa neno tunazaa "beat the horn", na nimeiona kwenye madaftari zaidi ya mara moja.

Radi ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi, na huku kwetu ni haki yake. Mvua ya Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na kila mtoto wa darasani ana kisa cha radi. Kiswahili kinaweza kuutenga umeme unaoonekana, radi inayopiga na ngurumo inayofuata. Kiingereza kinazo "lightning" na "thunder", kisha kinaigawa ngurumo yenyewe: "clap" na "crack" kwa ile ya karibu, "rumble" na "roll" kwa ile ya mbali. Vijana walitaka kujua kwa nini kitu kimoja kina sauti mbili, na hapo somo la Kiingereza likawa la fizikia. Radi inapopita, hewa kwenye njia yake hupata joto la takribani nyuzi 30,000 za Selsiasi, inatanuka kwa ghafla, na huko kutanuka ndiko tunakosikia. Njia hiyo ni ndefu, hufika kilomita kadhaa. Ukiwa karibu, sehemu iliyo jirani nawe inakufikia kwa mkupuo, ta! Ukiwa mbali, sauti za juu na za chini zinapishana kufika, milima nayo inazirudisha, ndipo unasikia ile ngurumo inayojiburuta kutoka Mlima Rungwe kwenda Mlima Ngozi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Hesabu sekunde tangu umeme mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, umepata kilomita. Siku mbili baadaye mvua ya jioni iliponyesha niliwasikia bwenini wakihesabu kwa pamoja.

Nikawaonyesha pia tarehe niliyokuwa nimeiandika ubaoni asubuhi. "Thursday" ni siku ya mungu wa ngurumo wa kale wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, Thor, ambaye kwa Kiingereza cha zamani jina lake lilikuwa neno lilelile la ngurumo. Na "astonish", neno ambalo huwa tunalifasiri kirahisi kuwa kushangaza, limetoka kwenye Kilatini cha kunguruma, sawa na "stun". Aliyeshangazwa ni aliyepigwa na radi. Sisi tunasema alisimama kama aliyepigwa na radi, tunalisema wazi, bila kulificha ndani ya neno.

Sauti ikizidi sana, watu wa lugha zote huomba msaada kwa kitu kingine. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima wa volkano wa Krakatau, Indonesia, ulilipuka. Katika kisiwa cha Rodrigues, umbali wa karibu kilomita 4,800, mkuu wa polisi alisikia na kuandika kwamba ilikuwa kama ngurumo ya mizinga mizito kutoka mbali. Alisikia mlima akaandika mizinga, kwa sababu mzinga ndicho kitu kikubwa alichokuwa nacho kichwani. Huku kwetu Mlima Kyejo ulimwaga zaha, yaani lava, kwa mara ya mwisho yapata miaka 200 iliyopita. Nikipita njia ya kule huwa najiuliza, waliousikia waliulinganisha na nini?

Neno mzinga lenyewe nalipenda. Huku nyanda za juu ukisema mzinga, wengi wataona kwanza gogo lililotobolewa likaning'inizwa mtini kwa ajili ya nyuki. Silaha iliitwa hivyo kwa umbo lake, bomba nene lenye uwazi. Na "cannon" ya Waingereza imetoka kwenye Kilatini "canna", yaani tete. Katika silaha zenye kishindo kikubwa, lugha zote mbili zilichagua jina la uwazi wa ndani na kuiacha sauti. Bombomu, yaani bunduki ya rashasha, kwa upande mwingine, tuliipa jina kwa masikio, kama tulivyofanya kwa pikipiki na tingatinga.

Mdogo wangu anafanya kazi kwenye machimbo ya kokoto nje ya jiji la Mbeya. Alinieleza kwamba baruti ikilipuka ukiwa karibu, kifua kinapokea kabla ya sikio, unasukumwa. Ukiwa upande wa pili wa bonde unasikia mvumo mzito tu, vuuum, halafu vumbi. Nilipomsikiliza nikaelewa tofauti ambayo kamusi haijawahi kunielewesha. Ya kwanza ni "blast", neno ambalo asili yake ni upepo, ni pigo la hewa. Ya pili ni "boom".

Na "boom" mnaijua. Muulize mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu, Mbeya au Iringa, bumu ni nini, atakwambia ni fedha ya kujikimu kutoka bodi ya mikopo, na atakwambia kama imetoka au haijatoka. Waingereza na Wamarekani walikwisha kuitoa "boom" kwenye mizinga wakaipeleka kwenye biashara inayopanda kwa ghafla. Vijana wetu wakaileta mfukoni. "Crash" ilikwenda njia hiyohiyo, ikatoka kwenye vyombo vinavyovunjika ikaingia kwenye soko la hisa la New York mwaka 1929, kisha kwenye kompyuta inayogoma ghafla. Kiswahili kinasema soko limeporomoka, na kuporomoka, ukilisikiliza, lina porororo ya viazi ndani yake. Hata "Big Bang", jina la nadharia ya mwanzo wa ulimwengu, aliitamka mwanaastronomia Fred Hoyle kwenye redio ya BBC mwaka 1949, naye hakuiamini nadharia hiyo. Hakukuwa na sikio la kusikia mlio wowote, lakini "bang" ikabaki. Sisi tunasema Mlipuko Mkuu, ambalo ni neno la heshima zaidi, ila halina ule ughafla wa "bang".

Safari nyingine tumekwenda pamoja bila kujuana. Jambo likivuma tunapata uvumi. "Rumour" ya Kiingereza imetoka kwenye neno la Kilatini lililomaanisha kelele. Lakini kwenye uchaguzi tumeachana. Wao mshindi wa kura nyingi anapata "landslide", mlima unaoporomoka, wanauona. Sisi anapata ushindi wa kishindo. Tunausikia.

Nilirudisha madaftari Ijumaa, nikawataka waandike upya ile aya moja tu. Sheria ilikuwa kwamba neno "noise" halitumiki, na kila anayekwama aandike kwanza sauti kwa Kiswahili pembeni ya ukurasa, kisha aitafutie mwenzake. Nilipopita katikati ya madawati kulikuwa na minong'ono ya ajabu, watoto arobaini na kitu wakijiambia wenyewe paa, twa, chwaa, huku wamefumba macho. Monita alinitazama akingoja niwanyamazishe. Nikamwambia naye aandike.

Binti wa dirishani alimaliza wa mwisho. Aliandika kwamba matairi yali-screech, tairi la mbele likapasuka "with a bang", gari liki-"thud" ndani ya mtaro, na honi ika-blare mpaka dereva alipotolewa. Wakati uliopita wa "burst" aliukosea, nikausahihisha. "Rolled" tulikuwa tumeijadili darasani, "tumbled" pia, na alikuwa ameziandika zote mbili pembeni kwa penseli, nadhifu, kisha akazifuta kwa mstari mmoja. Katika sentensi yenyewe, kwa kalamu, palisomeka: "and the potatoes went porororo down the road."

Nilikaa na sentensi ile muda mrefu kuliko daftari lolote jioni hiyo. Upimaji wa kitaifa uko mbele yake, na msahihishaji wa huko hajui ule mteremko. Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba kwenye mtihani atumie "tumbled". Juu ya porororo nikaweka vema.